Bibi, babu yako alisali wapi?

MPENZI msomaji, hebu nikuulize: unamjua babu wa bibi yako? Si jina tu. Alitoka wapi, na alisali wapi? Mimi nilidhani wa kwangu namjua. Nyumbani Kiuyu tunajisema Wapemba wa asili, Waislamu tangu enzi na enzi, basi.

Aliyenitia kiherehere ni jamaa yangu mmoja wa Musoma. Watu wake ni wa Kanisa la Mennonite, lililoanza Shirati mwaka 1934, na anaweza kukuhesabia nani kwao alibatizwa mwanzo na nani akafuata. Nikaona wivu. Nikamwendea bibi.

Kuna jambo lilikuwa linanisumbua siku nyingi. Kwetu ni mawe matupu, watu wa mwani na uvuvi. Sasa bibi alijifunza wapi kuchambua karafuu na makonyo kwa kasi ile?

"Kwa babu, Banani," likamponyoka. Kisha kimya.

Banani! Hilo ni shamba la karibu na Chake Chake, lililokuwa la wamisionari Waingereza wa dhehebu la Quaker, wenyewe wanajiita Marafiki. Waliingia Pemba mwaka 1897, mwaka uleule Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa utumwa. Lakini amri ile haikumfungua mtu papo hapo. Mtumwa ilibidi aende mwenyewe kudai uhuru wake. Akishaupata, ale wapi, alale wapi? Wengine walikimbilia Banani kwa Theodore Burtt na wenzake, wakafanya kazi ya karafuu kwa ujira.

Nikameza mate. "Bibi, kwani babu alikuwa mtumwa?"

Nilidhani ntakula mwiko wa kichwa. Akavuta mtandio wake, akasema: "Mume wangu, neno hilo limevunja posa ngapi kisiwa hiki? Ndo maana tukanyamaza."

Kumbe mzee alikuwa na majina mawili, moja la misheni, moja la msikitini alikoingia utu uzima. Alizikwa Kiislamu. Lakini kila alfajiri, akishasali, alikaa barazani kimya kwa muda mrefu. Watoto walidhani anasinzia. Bibi hakujua, mpaka nilipomwambia, kwamba hiyo ndiyo ibada ya Marafiki kwa asili yao: hakuna padri, hakuna ubatizo wa maji, watu wanakaa kimya wakimsikiliza Mungu moyoni. Bibi akacheka, halafu akafuta machozi.

Msomaji, mwezi ujao wazee wanakwenda kuniposea. Watu wa kule wataulizia ukoo wetu, ndo desturi. Nimewaomba wazee wangu wasiiruke Banani. Baba mdogo amenuna, anasema naharibu jambo lililokwishaiva.

Bibi yeye kaagiza kanga mpya. Anasema atakwenda nao, na hilo la Banani atalisema mwenyewe.