Mwezi Mpevu, Mfuko Mtupu

Mwezi ukiwa mpevu, kwetu Kisian hakukuwa na pesa. Omena hufuata mwanga wa karabai, na mbalamwezi ikishaangaza ziwa zima, karabai haina kazi. Mashua zilipumzika, wavuvi wakalala usiku kama watu wengine, na sukari tukaikopa dukani. Giza liliporudi ndipo madeni yalipolipwa.

Alfajiri tuliteremka kutoka njiapanda, pale barabara ya Bondo inapoachana na ya Busia, hadi ufuo wa Ogal. Mama hakuwahi kupanda mashua. Wanaume walivua, lakini ni wanawake waliomgeuza samaki kuwa pesa, na sijaona bado anayewasifu vya kutosha. Walinunua kwa beseni, wakabishania kila beseni, kisha tukatandaza nyavu kuukuu nyasini na kuwamwaga omena juu yake. Sisi watoto tulifukuza kuku na kutazama mawingu. Omena akinyeshewa hugeuka kahawia, na bei yake inakuwa ya chakula cha kuku.

Wakikauka vizuri walipimwa kwa gorogoro. Mnunuzi mzoefu hakuangalia rangi tu: aliokota mmoja, akamtafuna taratibu, akisikiliza kama meno yanagonga mchanga. Mchanga ukisikika, bei ilishuka papo hapo.

Nyanya yangu alilalamikia mbuta hadi mwisho. Wakoloni walimleta ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza fulu wengi, vile visamaki vidogo ambavyo nyanya alilelewa navyo. Minofu ya mbuta ilikatwa viwandani Kisumu na kupelekwa Ulaya. Sisi tuliachiwa mgongo wazi: kichwa, mifupa na mkia, vikaangwe hadi vilie. Mimi hadi leo nasema kichwa ndicho kitamu kuliko minofu, na Ulaya walipunjwa.

Halafu magugu maji yakaja. Mwaka 1998 yalifunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Ukisimama ufuoni uliona shamba la kijani lenye maua ya zambarau, na maji huyaoni. Wavuvi walikata njia kwa panga, upepo ukageuka, njia ikaziba nyuma yao. Serikali ilikuwa imeachilia fukusi wanaokula magugu hayo, watu wakacheka: mdudu atamaliza ziwa lini?

Omena wakaadimika. Lakini chini ya magugu kamongo na mumi walistawi, na Mama, baada ya kunung'unika kwamba kamongo hapimwi kwa gorogoro, akaanza kumkata vipande na kumkaanga njiapanda kwa abiria wa matatu za Busia. Magugu yalipopungua mwaka 1999 alirudi kwa omena wake. Karai la kamongo alimwachia dada yangu, na madereva wakawa wanapiga honi kabla hawajasimama.