Mbegu ya Hoho Isiyowasha

Pilipili ni jina moja lenye jamaa wengi. Iko pilipili manga ya pilau, iko pilipili mbuzi, na iko hoho nene isiyowasha, ambayo mtoto na mzee huila bila machozi. Twataka kusema juu ya hii ya mwisho, kwa kuwa sisi tukaao Mbeya tunayo mbegu yake tuliyopewa na mama yetu wa Iringa. Bustani ya mama sasa imejengwa nyumba, na mbegu ile haiko tena ila kwetu. Naye mama, kwa maradhi ya tumbo, hawezi kabisa chakula chenye ukali.

Yafaa kujua kwamba mbegu si zote sawa. Mbegu chotara huzaa vizuri mwaka wa kwanza, lakini ukipanda mbegu za tunda lake, watoto hawafuati mama yao, nawe huna budi kurudi dukani. Aina za zamani, mfano California Wonder iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1928, huzaa mfano wake, madhali hazikuchanganyika na nyingine.

Adui wa kwanza wa hoho huku kwetu ni baridi. Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa kutetemeka. Mbegu hii hupenda udongo wenye joto la digrii 25 hadi 30. Penye baridi huweza kuoza kabla ya kuota. Kwa hiyo twaipanda mwezi wa Agosti katika kopo lililotobolewa chini, tukaliweka jikoni karibu na meko. Huota baada ya wiki moja au mbili. Miche ikipata wiki sita au zaidi twaihamishia bustanini, nusu meta baina ya mche na mche, tukiimwagilia mpaka mvua zianze.

Adui wa pili ni uchavushaji. Jirani yetu ana pilipili kali kando ya ua, na nyuki hawajui mpaka wa mtu. Tunda la mwaka huo halibadiliki ladha, lakini mbegu zake huweza kubeba ukali, nao hudhihirika zikipandwa. Na katika pilipili, ukali hushinda upole. Hatukumwambia jirani ang'oe mimea yake, kwani haki ya jirani ni kubwa. Twafunika machipukizi machache ya maua kwa kipande cha chandarua kabla hayajafunguka. Ua la hoho hujichavusha lenyewe. Yatosha kulitikisa taratibu. Tunda likishika twaondoa kitambaa na kufunga uzi mwekundu, ili watoto wasilichume.

Tunda la mbegu huachwa mpaka liwe jekundu kabisa. Kisha mbegu huanikwa kivulini juu ya sahani, zikahifadhiwa katika chupa kavu.

Mbegu iliyo katika nyumba moja ni amana iliyo hatarini. Ndiyo sababu fungu moja twalipeleka Iringa kwa dada yetu, na jingine twampa jirani yule yule. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mmea wa Mwislamu ukiliwa na mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake. Basi mwenye kipande cha uwanja na aanze kwa mche mmoja.