Sufuria na Hukumu Yangu

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Ikinga, wilayani Ileje, pikapu ya baba ilichemsha mlimani. Nilimgombeza mdogo wangu: "Hukujaza maji kwenye rejeta!"

"Kaka, nilijaza."

Sikumsikiliza.

Fundi alishauri thamostati itolewe na kutupwa. Wengi hufanya hivyo, lakini bila kifaa hicho injini huchelewa kupata joto lake, hasa kwenye baridi yetu, na hula mafuta. Baba akasema, "Ipimeni kwanza."

Mdogo wangu akawasha mkaa. Nikaining'iniza thamostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini. Imeandikwa 82, yaani nyuzi joto za kuanza kufunguka. Huku milimani maji huchemka kabla ya kufika 100, lakini 82 huvuka. Maji yalitokota, haikufunguka hata kidogo. Mpya tuliyonunua Tunduma ilifunguka tukiitazama.

Ndugu msomaji, chuma kilipimwa kabla ya kuhukumiwa. Mdogo wangu hakupewa nafasi hiyo. Darasani tunafundishwa kutafuta sababu kabla ya kutoa hitimisho. Nyumbani nilisahau. Nilimwomba msamaha palepale jikoni, mbele ya baba.