Matonge Matamu ya Siku ya Ijumaa

Je, mtu anaweza kufunga huku akila kitu kitamu? Swali hili lilinijia nchini Austria, nilikokaa miezi michache kwa ajili ya mafunzo ya walimu. Mama mwenye nyumba niliyofikia alipika siku ya Ijumaa matonge ya viazi yenye tunda ndani, ambayo wenyeji huyaita Knödel. Hayakuja baada ya chakula. Yalikuwa ndiyo chakula chenyewe. Katika nchi ile yenye mapokeo ya Kikatoliki, vyakula vitamu vya unga vilishika nafasi ya nyama siku za kufunga.

Alinifundisha kuyapika. Kilo moja ya viazi ulaya vyenye ungaunga huchemshwa na maganda yake, humenywa vingali moto, hupondwa, kisha huachwa vitoe mvuke na kupoa. Ndipo huongezwa gramu 250 hivi za unga wa ngano, siagi kidogo, viini 2 vya mayai na chumvi. Donge hukandwa upesi, kwa maana likikandwa sana au likingoja sana hulegea na kunata. Na ukilizidishia unga, matonge huwa magumu.

Mwezi wa Julai tunda ni aprikoti. Zile za bonde la Wachau, kando ya mto Danube, zina sifa kubwa. Baadaye huja zamu ya plamu. Kokwa hutolewa, na mahali pake huwekwa kipande cha sukari, ambacho huyeyuka ndani ya tunda. Kila tunda hufunikwa kwa donge pasipo kuacha ufa. Matonge hupikwa kwa dakika 12 hadi 15 katika maji yenye chumvi yanayotetemeka tu, kwa kuwa maji yakichemka kwa nguvu huyapasua. Mwishoni huviringishwa katika chembe za mkate mkavu zilizokaangwa kwa siagi, na kunyunyiziwa sukari na mdalasini.

Nilimwuliza mama yule kama huko kulikuwa kufunga kweli. Akanijibu kwamba utotoni mwake nyama ilikuwa haba hata siku nyingine, kwa hiyo kuiacha hakukuwa kazi. Ila Ijumaa ya matonge watoto waliingoja juma zima.

Jibu lake halikuniondolea swali lote. Sukari yaweza kuwa mlango wa nyuma wa kuikwepa toba, na mwenye kuacha nyama ili ajishibishe utamu amebadilisha sahani tu. Lakini niliitazama tena kazi ile: viazi, mkate uliobaki, tunda la mti wa bustanini, na asubuhi nzima ya mikono ya mtu mmoja kwa ajili ya wengine. Hapakutupwa kitu, wala hakuna aliyekaa mezani kwa huzuni. Nadhani kufunga kunakomfanya mpishi kuwa mkarimu zaidi kuna afya kuliko kule kunakotufanya tuwe wakali kwa watu wa nyumbani.

Basi, katika vikundi vyenu, jiulizeni: siku tunayojinyima, ni nani nyumbani mwetu anayeingoja kwa furaha?