Bilauri za Walima Kakamega



Safari ya kutoka Mombasa hadi Kakamega hupita kilomita mia nane. Baada ya Kisumu barabara hupanda vilima, joto hupungua, na kabla ya kuingia mjini msafiri hulipita lile Jiwe Linalolia la Ilesi, nguzo ya mwamba iliyobeba jiwe kubwa kichwani huku maji yakiitiririkia. Tulikwenda huko kwa kheri: binti wa Pwani alikuwa ameposwa na kijana wa Kakamega, na walima ulikuwa ufanyike kwao bwana harusi.

Baadhi yetu Pwani hudhani kwamba Waislamu wa bara ni wa juzi tu. Sivyo. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilifika Mumias, magharibi mwa mji wa Kakamega, katika karne ya 19, ikapokewa na watawala wa Wanga, na Uislamu ukaota mizizi huko. Kwa hiyo tulikaribishwa kama jamaa waliochelewa kurudi, wala si kama wageni.

Familia hizi mbili zilikuwa zimeafikiana jambo moja tangu siku ya posa: maarusi wasianze maisha yao na deni. Wageni walikadiriwa kuwa 200, na mfuko ulikuwa mdogo. Mzozo, ajabu yake, ulizuka juu ya bilauri. Mama wa bibi harusi alitaka zile ndefu za kung'aa, ili jamaa wa Mombasa wasije wakanong'ona. Upande wa bwana harusi ulisema vikombe vya plastiki vya kutupwa vinatosha. Shangazi wa bwana harusi ndiye aliyepatanisha. "Dada yangu," alimwambia mama, "tusitazame bilauri kwanza. Tutazame kitakachomiminwa ndani yake."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Bilauri ya mililita 300 ikijazwa kwa wageni 200, hunywesha lita 60 za sharubati. Ya mililita 200 hunywesha lita 40. Tofauti ni lita 20 za maembe, sukari na barafu, na sehemu kubwa ya hizo huishia kumwagwa, kwa kuwa mgeni hupewa zaidi ya kiu yake. Bilauri ndogo haimnyimi mtu: mwenye kiu huongezwa, na kumwuliza mgeni mara ya pili ni heshima, si ubahili. Ukubwa wa bilauri, basi, hugusa mfuko kuliko umbo lake.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, na ikishanyesha watu huulizia chai ya maziwa. Bilauri ya kawaida, hasa yenye kitako kinene, ikimiminiwa chai ya moto ilhali yenyewe ni baridi, huweza kupasuka, kwa sababu upande wa ndani hutanuka kabla ya upande wa nje. Chai ilitengewa vikombe vyake, vilivyoazimwa kwa majirani. Kahawa nayo ilinywewa katika vikombe vidogo dazeni mbili, ambavyo bibi yetu alivifunga ndani ya kanga na kuvibeba mapajani kutoka Mombasa. Vilitosha, kwa kuwa kahawa hupokezanwa.

Kisha likaja swali la kununua au kukodi. Tuseme, kwa mfano, bilauri moja dukani ni shilingi 80 na kuikodi ni shilingi 10. Kwa bilauri 220, zikiwamo 20 za akiba, kununua ni shilingi 17,600 na kukodi ni shilingi 2,200. Mwenye walima mmoja akodi. Lakini azihesabu mbele ya mwenyewe wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha, apitishe kidole juu ya kila mdomo kutafuta ufa, na bei ya itakayovunjika iafikiwe kabla, si baada.

Dukani tulionyeshwa pia bilauri zenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Mji huu uliwahi kuvuma kwa dhahabu: mwanzoni mwa miaka ya 1930 wachimbaji walimiminika hapa, na mgodi wa Rosterman ukajulikana mbali. Sisi tulikumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) alitukataza kunywea vyombo vya dhahabu na fedha. Huenda ukingo ule ni rangi tu, lakini kuiacha shaka ni raha, na bilauri nyeupe isiyo na pambo ilikuwa rahisi zaidi.

Vile vikombe vya plastiki navyo viliachwa. Vijana walipanga kuwatembeza wageni msitu wa Kakamega siku ya pili, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya. Tena, kinachotupwa baada ya funda moja ni gharama isiyobakisha kitu.

Walima ukapita salama. Zilivunjika bilauri tatu, zikalipwa siku ile ile. Fedha zilizosalia kwenye sharubati familia mbili hizo zilizitumia kununua bilauri dazeni nne, wakazikabidhi kwa akina mama wa msikiti ziwe wakfu, ziazimwe na kila mwenye walima asiye na uwezo. Mama wa bibi harusi ndiye aliyezichagua: fupi, nyeupe, za mililita 200. Hakuna aliyenong'ona.

Nasi tunawaachia akina mama wa Pwani wazo hilo. Kila msikiti ukiwa na kabati la bilauri, mzazi mmoja atapunguziwa mzigo kila anapooza. Mwenyezi Mungu awabariki maarusi wetu, na ajaalie baraka katika kidogo kilichopatikana kwa halali. Amin.