Kona ya Musa: Ploti Zimetangulia

Ukishuka matatu Kona ya Musa, kando ya barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga, mabango ndiyo yanayokulaki. Ploti za 50 kwa 100, hati tayari, maji na stima vipo karibu. Neno "karibu" hapo lichukulie kwa uangalifu. Bango la pili ni la shule ya kibinafsi, la tatu ni la ploti tena. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifike Kibundani, mtu wa Miritini huja viunga hivi vya Diani bila kuigusa feri ya Likoni, na madalali wanalijua hilo kuliko yeyote.

Nikaingia ndani. Nyumba za makuti zimepakana na maghorofa ambayo bado hayajapigwa plasta, kila moja na tangi lake jeusi juu. Kijana anasukuma mkokoteni wa mitungi ya lita 20, jasho linamtiririka, na wateja wanamwita kwa jina kutoka madirishani. Bomba la maji taka halipo. Kila mwenye nyumba huchimba shimo lake. Ukanda huu wa pwani ni mchanga na mwamba wa matumbawe, ambamo maji hupita upesi, kwa hiyo umbali kati ya choo cha huyu na kisima cha yule si jambo la kuwaachia mafundi wakubaliane wenyewe. Mji unaopanuka hivi ulihitaji ramani kabla ya mabango.

Watoto wa chekechea walikuwa wakitoka, sweta zimefungwa viunoni, mmoja amebeba kiatu mkononi. Mama anayekaanga viazi karai karibu na lango alikuwa akimsubiri wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu viazi."

Nilimuuliza habari za shule. Akacheka. "Huyu mdogo hanisumbui. Ni kaka yake aliyemaliza gredi ya tisa."

Hapo ndipo serikali mbili zinapopishana mlangoni kwake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za sekondari zimebaki Nairobi. Mdogo, basi, ni wa gavana. Kaka yake ni wa waziri: alisoma sekondari msingi, iliyoanza Januari 2023 ndani ya nyua za shule za msingi, na sasa anaingia sekondari ya juu akiwa ametakiwa kuchagua sayansi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.

"Kachagua sayansi," mama alisema. "Mimi nimechagua kutafuta karo."

Kaunti hii ya Kwale haikungoja kuambiwa karo ni ya nani. Chini ya gavana wa kwanza, Salim Mvurya, mpango wa Elimu ni Sasa ulilipia wanafunzi wa sekondari na vyuo vikuu, na hadi leo ukitaja kaunti hii mezani pa kahawa, mtu atakutajia jirani yake aliyesomeshwa nao. Kisheria si kazi ya kaunti. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizikumbusha kaunti kwamba basari za aina hiyo zinahitaji mkataba na serikali kuu, na mvutano ukafika mahakamani. Hoja yake ya sheria naielewa. Lakini sijaona ni vipi mzazi wa hapa angenufaika kwa pesa kukaa zikisubiri wakubwa watie saini.

Mama alikuwa na fomu ya basari, kaikunja ndani ya leso. Imamu ameshaitia saini. Bado muhuri wa chifu.

"Utakwenda lini?"

"Nimetoka huko asubuhi. Chifu hayupo, kaenda kupima mpaka wa ploti."