Usimpe Mdudu Jina Ambalo Picha Haijasema

Kila nikiposti picha ya mdudu, swali la kwanza ni lile lile: "Huyu aitwaje?" Dakika mbili hazijaisha, majibu yashafika. Mmoja asema nyuki. Mwengine asema nyigu. Wa tatu amepitisha picha kwenye apu na amerudi na jina refu la Kilatini. Wote wana uhakika kabisa, na kumbe mdudu mwenyewe ni nzi.

Eeh, nzi. Kuna jamii nzima ya nzi wa maua, kitaalamu Syrphidae, yenye spishi kama 6,000 duniani. Wengi wamevaa rangi za nyuki na nyigu, nyeusi na manjano, ili ndege wawaogope. Lakini mwiba hawana. Ukiona mdudu amesimama hewani juu ya ua kama amening'inizwa kwa uzi, kisha akapotea ghafla, huenda ndiye huyo.

Kumtenga na nyuki kwenye picha si kazi ngumu. Nyuki ana mbawa nne, nzi ana mbili tu. Shida ni kwamba mbawa za nyuki hushikana, hivyo picha yaweza kukudanganya. Basi angalia kichwa: nzi ana vipapasio vifupi sana na macho makubwa yaliyojaa kichwa kizima. Ukiweza kuvuta picha hadi kwenye bawa, kwa nzi wa maua wengi utaona mishipa ya pembeni imepinda na kwenda sambamba na ukingo wa bawa, kama pindo la leso.

Mpaka hapo twaenda sawa. Wakati mwengine picha yakupeleka mbele zaidi. Jenasi ya Eristalinus, kwa mfano, ina macho yenye madoadoa au mistari, na ukishayaona huyasahau. Mabuu wao hukulia kwenye maji machafu, wakipumua kwa mkia mrefu kama bomba. Sasa niambie, Kisauni tutakosa mitaro?

Lakini kuna mahali picha hugoma. Chukua Paragus, vinzi vidogo mno. Spishi zake nyingi huwezi kuzitofautisha mpaka uangalie viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Hata uwe na simu ya bei gani, picha ya mgongo haitakuambia. Hapo jibu sahihi ni "Paragus", nukta. Kuishia kwenye jenasi si kushindwa.

Wengi hawataki kusikia hivyo, kwa sababu apu hutoa jina haraka. Mimi natumia iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa Berkeley, Marekani, na naipenda. Ila mashine hujifunza kwa picha ilizolishwa, na nyingi zatoka Ulaya na Marekani. Ukiilisha nzi wa Bamburi, yaweza kukutolea Episyrphus balteatus, ambaye ni wa Ulaya na Asia, ilhali Afrika ina Episyrphus wake. Ukibonyeza "ndiyo" bila kufikiri, na rafiki yako naye akabonyeza, rekodi yaweza kupanda daraja na kwenda kutumiwa na watafiti. Yani bahati nasibu yako ishakuwa "ushahidi" kwamba nzi huyo anaishi Mombasa.

Na si mambo ya watafiti peke yao. Shangazi yangu ana kijishamba Mtongwe. Juzi alinitumia picha ya jani la kunde lililojaa vidukari weusi, na katikati yao buu mmoja wa kijani. "Mwanangu, hawa wanimalizia kunde. Dawa nshanunua. Nipulize?"

Spishi gani? Kwa picha ile singeweza kuapa. Lakini buu hakuwa na miguu, mbele amechongoka, na pembeni yake kulikuwa na maganda matupu ya vidukari. Hiyo yatosha kusema ni mtoto wa nzi wa maua, na mmoja aweza kula mamia ya vidukari kabla hajakua. Nikamwambia, "Shangazi, ngoja kwanza. Huyo wa kijani ni askari wako, na dawa itawaua wote."

Akanijibu, "Haya, nampa wiki moja. Asipofanya kazi, nampuliza na yeye."

Wiki imepita na chupa ya dawa haijafunguliwa. Jina la Kilatini halikumsaidia kitu. Kilichomsaidia ni jina la juu juu lakini la kweli. Ningemwambia "hao ni viwavi" kwa ujasiri wa mtandaoni, askari wote wangekufa.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Ukimwona nzi wa maua, piga picha tatu: moja kutoka juu, moja ya ubavuni ionyeshe miguu ya nyuma, na moja ya uso. Andika mahali na tarehe. Kisha sema kile picha inachoonyesha, na usimame hapo. Magugu yenye maua yako kila mahali, kuanzia kando ya reli Changamwe mpaka nyuma ya nyumba za Likoni. Mashine haitawajua nzi wetu mpaka sisi tuwapige picha, tena tuwaandike kwa ukweli.